Gazeti Lililoachwa Kwenye Siti: Hesabu Yake, Wino Wake na Safari Yake ya Kupanda Mlima

Panda gari la Marangu pale stendi ya Moshi saa kumi na moja jioni. Kuna siku utakuta kitu kimekutangulia kwenye siti: gazeti la leo, limekunjwa mara mbili, ukurasa wa michezo uko juu. Mwenye nalo kashashuka. Hakulisahau, maana aliyesahau kitu hakikunji vizuri namna ile. Kaliacha.

Swali la leo ni dogo ukilisikia, lakini lina sayansi nyingi ndani yake. Gazeti lile ni takataka au ni zawadi? Na wewe ukishalisoma, liende wapi?

Hapa Moshi swali hili lina uzito wake. Mji wetu unajulikana nchi nzima kwa usafi, na mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba ganda la ndizi halitupwi barabarani. Sasa mtu anayeacha karatasi kwenye chombo cha abiria tumweke kundi gani? Tuanze na hesabu, halafu tuje kwenye karatasi yenyewe.

Nakala moja, wasomaji wangapi?

Watu wa biashara ya magazeti wana hesabu mbili ambazo sisi wengine huzichanganya. Ya kwanza ni idadi ya nakala zilizouzwa. Ya pili ni idadi ya watu waliosoma nakala hizo. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata wasomaji wa kila nakala, na mwenye tangazo lake gazetini anaijali zaidi hesabu hii.

Kwetu hesabu hizo mbili hazijawahi kukaa karibu. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la serikali ya kikoloni lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipita mikono mingi kuliko nakala zake. Huku mlimani Wachaga walikuwa na gazeti lao, Komkya, lililotoka Moshi kati ya 1953 na 1961. Enzi hizo aliyejua kusoma alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Gazeti moja, baraza zima.

Siku hizi baraza limehamia kwenye daladala, na hebu tulipigie hesabu. Tuseme kila msomaji akimaliza kuna uwezekano fulani kwamba gazeti litapata msomaji mwingine. Tuuite uwezekano huo *u*. Msomaji wa kwanza yupo tayari, ndiye aliyenunua. Wa pili anapatikana kwa uwezekano *u*. Wa tatu anapatikana kwa *u* mara *u*, kwa sababu lazima mnyororo usikatike mara mbili. Ukijumlisha wote mpaka mwisho, yaani 1 + *u* + *u*² + *u*³ na kuendelea, jibu linakuja fupi kabisa: 1 ÷ (1 − *u*).

Weka namba uone:

- Mnyororo ukiendelea mara 5 kati ya 10, gazeti linapata wasomaji 2 kwa wastani.
- Ukiendelea mara 8 kati ya 10, wasomaji 5.
- Ukiendelea mara 9 kati ya 10, wasomaji 10.

Angalia mstari wa pili na wa tatu. Tumeongeza kidogo tu, kutoka 8 hadi 9, na wasomaji wameongezeka mara mbili. Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wanaijua hesabu hii, kwa sababu mlipuko unaofifia nao hufuata kanuni hiyohiyo: kila mgonjwa akiambukiza chini ya mtu mmoja kwa wastani, mnyororo utakufa, lakini urefu wake kabla ya kufa unabadilika sana kwa tofauti ndogo. Kwa ugonjwa tunataka *u* ishuke. Kwa gazeti tunataka ipande.

Ndiyo maana vitu vidogo vina uzito. Kulikunja badala ya kuliacha limetawanyika. Kuliweka juu ya siti na siyo chini kwenye miguu na matope. Kutonyofoa ukurasa wa msimamo wa ligi. Kila kimoja kinaisogeza *u* kidogo, na umeshaona kidogo kinafanya nini.

Tukiri kwamba hesabu hii ni picha iliyorahisishwa. Katika maisha halisi *u* haikai palepale: habari inazeeka, karatasi inachoka, na saa mbili usiku hakuna mwanga wa kusomea. Lakini picha inatosha kutuonyesha mahali pa kusukuma.

Je, tunaokoa miti?

Hapa wengi hurukia jibu la haraka, kwamba gazeti likisomwa na watu watano tumeokoa magazeti manne. Tulipime kwanza. Karatasi ya gazeti kwa kawaida ina uzito wa gramu 45 hivi kwa mita moja ya mraba. Gazeti dogo la kurasa 24 lina karatasi 12, kila moja kama sentimita 28 kwa 38. Ukizidisha unapata mita za mraba 1.28, sawa na gramu 57 hivi. Magazeti manne ni kama gramu 230, chini kidogo ya robo kilo.

Lakini je, wale wasomaji wanne wangenunua la kwao? Wengi wasingenunua. Mtu mwenye nauli kamili mfukoni na mkate wa watoto mkononi hakuwa mteja wa gazeti tangu mwanzo. Kwa hiyo karatasi tuliyookoa ni ndogo kuliko tunavyojisifia. Tulichopata ni kingine: watu wanne wamesoma ambao leo wasingesoma. Faida kubwa ya gazeti la kwenye siti ni msomaji aliyeongezeka, na mti unafuata nyuma yake.

Gazeti linapanda, thamani inapanda

Sasa fikiria mwelekeo wa gari. Moshi mjini iko kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Pale stendi magazeti yamepangwa, na wale wasomaji wetu wa vichwa vya habari wamesimama mikono nyuma, wanasoma ukurasa wa mbele bure, wanabishana, wanaondoka. Gari likitoka linapita Kiborloni, Uchira, Njia Panda ya Himo, kisha linakata kushoto na kuanza kupanda mpaka Marangu Mtoni. Lango la hifadhi liko juu zaidi, karibu mita 1,900. Kadiri unavyopanda, migomba inaongezeka na wauza magazeti wanapungua.

Maana yake ni hii. Gazeti ukiliacha kwenye gari linaloshuka mjini asubuhi, unawaachia watu wanaokwenda mahali ambapo magazeti yapo tele. Ukiliacha kwenye gari linalopanda jioni, unalipeleka mahali ambapo halipo. Karatasi ni ileile, habari ni zilezile, ila uhitaji umebadilika. Na usafiri wake haugharimu chochote cha ziada, kwa sababu gari lilikuwa linakwenda huko hata hivyo. Gramu 57 hazimpi dereva hasara ya dizeli anayoweza kuiona.

Nchi hii iliwahi kulifikiria tatizo hili kwa ukubwa wake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika muongo ule mamilioni ya watu walijifunza kusoma. Hapo likaibuka jambo ambalo walimu wa watu wazima wanalijua vizuri: anayejua kusoma bila kuwa na cha kusoma husahau. Ndiyo sababu yalianzishwa magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho lililoanza kutoka Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Kusoma ni kama misuli. Bibi aliyehitimu kisomo cha watu wazima na sasa anashuka pale Marangu Mtoni na kikapu chake hana haja ya kampeni mpya. Anahitaji karatasi yenye maandishi, iwe imefika mikononi mwake bila kumpunguzia hela ya sabuni.

"Si kuna simu?" utauliza. Zipo, na wengi wetu tunasoma habari humo. Ila simu haiachwi kwenye siti. Habari ya simu inamfikia mwenye bando, na mara nyingi inayotumwa kwenye makundi ni picha ya ukurasa wa mbele tu, kichwa cha habari bila mwili. Gazeti la karatasi linakupa na usichokitafuta: umelichukua kwa ajili ya mpira, umejikuta unasoma bei ya kahawa.

Kwa nini linachoka haraka

Kuna sababu ya kikemia kwa nini mnyororo hauwezi kuwa mrefu sana. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa kusaga mti kwa mashine, na katika kusaga huko kitu kiitwacho lignini hubaki ndani. Lignini ndiyo gundi ya asili inayofanya mti usimame. Kwenye karatasi nzuri ya vitabu huondolewa kwa kemikali, kazi ambayo ni ghali. Kwenye gazeti huachwa. Lignini ikipigwa na jua na hewa ya oksijeni hubadilika na kutoa rangi ya njano. Lile gazeti ambalo konda amelitupia juu ya dashibodi, likapata jua la Njia Panda siku mbili tatu, linageuka rangi ya chai ya maziwa. Halijachafuka. Limeungua polepole kwa mwanga.

Nyuzi zake nazo ni fupi na dhaifu. Kinachozishika pamoja ni mvutano mdogo wa kikemia kati ya uzi na uzi, na maji yakiingia katikati mvutano huo unalegea. Ukungu wa Kilema au manyunyu ya Mwika yakilipata, linalainika na kuchanika. Ndiyo maana siti ya dirishani iliyo wazi siyo mahali pa kuliacha.

Halafu wino. Umewahi kujiuliza kwa nini gazeti linakuachia vidole vyeusi wakati kitabu hakifanyi hivyo? Wino mweusi wa magazeti ni unga laini wa masizi uliochanganywa na mafuta. Katika uchapaji wa kawaida wa magazeti wino huo haukaushwi kwa joto. Unanyonywa tu na karatasi. Kwa hiyo haukauki kabisa kama rangi ya ukutani inavyokauka. Unabaki pale, unangoja kidole. Au unangoja chapati.

Mnyororo unapokatikia pabaya

Hapa ndipo penye hatari hasa. Gazeti lililoachwa kwenye gari mara nyingi halifi kwa uzee. Linachukuliwa, linauzwa au linagawiwa, linaishia kufungia chapati, maandazi, mihogo ya kukaanga na karanga. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, karatasi ndiyo kimbilio la karibu. Na nia ni njema: tumeepuka plastiki, tumetumia karatasi tena.

Lakini kanuni ya jikoni inasema mafuta hufuata mafuta. Wino wa gazeti mara nyingi huwa na mafuta yatokanayo na petroli. Ukiweka juu yake kitu cha moto chenye mafuta, mafuta ya wino yanayeyukia kwenye mafuta ya chakula, na joto linaharakisha safari hiyo. Hata karanga kavu hazisalimiki, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta.

Hili siyo woga wa bure. Mwaka 2012 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba baadhi ya mafuta haya ya petroli hujikusanya mwilini, na baadhi yanaweza kuharibu vinasaba na kusababisha saratani. Kabla ya hapo watafiti wa maabara ya chakula ya jimbo la Zurich, Uswisi, walikuwa wameonyesha jambo la kushangaza zaidi: mafuta ya wino wa magazeti ya zamani yaliyorejelezwa kuwa maboksi yalitoka kwenye boksi kama mvuke na kuingia kwenye vyakula vikavu vilivyokuwemo. Yaani gazeti lilisagwa, likaoshwa, likawa boksi, na wino ukaendelea kutembea. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula ya India, nchi yenye desturi kama yetu ya kufungia vitafunwa kwenye magazeti, ilitoa onyo rasmi dhidi ya desturi hiyo.

Kuna wino wa mafuta ya soya pia. Lakini "soya" haimaanishi "unalika": masizi na viungio vingine bado vimo. Na gazeti lililopita mikono kumi limebeba pia vilivyokuwa kwenye mikono hiyo kumi.

Tusitishane. Chapati moja ya kwenye gazeti haitakuua leo. Tatizo ni la kurudiarudia, kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, hasa kwa watoto wanaonunua karanga getini mwa shule. Na jibu lipo kwenye kihamba. Jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa juu ya moto kidogo lilifungia chakula mlimani hapa kabla ya gazeti la kwanza kufika, na bado linafanya kazi hiyo vizuri. Penye uhaba wa majani, karatasi nyeupe isiyochapwa inatosha.

Sasa, ni takataka au zawadi?

Mwanaanthropolojia wa Uingereza Mary Douglas, aliyefanya utafiti wake Kongo kwa watu wa Lele, aliandika mwaka 1966 katika kitabu Purity and Danger hoja ambayo inatusaidia: uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake. Mchanga shambani ni udongo, mchanga kwenye wali ni uchafu. Gazeti nalo liko hivyo. Likiwa limekunjwa juu ya siti linasema "karibu". Likiwa limetawanyika sakafuni linasema "nimetupwa".

Idadi nayo inaamua. Kati ya 2006 na 2009 jiji la London lilikuwa na magazeti mawili ya bure ya jioni yaliyoshindana, London Lite na thelondonpaper, juu ya lile la asubuhi, Metro, lililokuwepo tangu 1999. Kila abiria aliweza kupata lake bila senti. Aliyeacha la kwake kwenye treni hakuwa anamwachia mtu chochote, kwa sababu mwenzake tayari anacho. Karatasi zikajaa mitaani mpaka Halmashauri ya Westminster ikawataka wachapishaji wachangie gharama ya kuzirejeleza. Kitendo ni kilekile cha kuacha gazeti lililosomwa. Kule *u* ilishuka kwa sababu ya wingi, na zawadi ikageuka takataka. Gari la Marangu halijafika huko.

Ratiba ya maisha ya gazeti moja

Wataalamu wa taka wana ngazi yao: kwanza punguza, halafu tumia tena, mwisho rejeleza. Kurejeleza kunahitaji kukusanya, kusafirisha, maji na nishati, na nyuzi za karatasi huchakaa baada ya kurejelezwa mara 5 hadi 7 hivi. Kusomwa tena hakuhitaji hata kimoja cha hivyo. Kwa hiyo mpangilio wa busara ni huu:

1. Lisomwe kwanza, na likiwezekana kwenye gari linalopanda. Likunje, liweke juu ya siti, au mpe konda kwa mkono na mwambie, "Mpe atakayetaka kusoma."
2. Likishachoka kusomwa, lifanye kazi zisizogusa chakula: kufuta vioo, kufungia vyombo vya udongo wakati wa kuhama, kutengeneza viriba vya karatasi vya kuoteshea miche badala ya vile vya nailoni.
3. Mwisho liende kihambani. Lichane, lichanganye na samadi na majani mabichi, kwa sababu karatasi ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, na peke yake inachelewa kuoza. Kurasa nene zinazong'aa ziache pembeni.
4. Katika ngazi zote hizo lisikutane na chapati.

Na ukitaka kujua *u* ya gari lenu, unaweza kuipima bila maabara. Nunua gazeti, andika kwa kalamu kona ya juu ya ukurasa wa kwanza: "Ukisoma, ongeza mstari mmoja hapa, kisha liache kwenye siti." Weka mstari wako wa kwanza. Panga na konda akuwekee magazeti hayo mwisho wa siku. Fanya hivyo siku kumi, tafuta wastani wa mistari, kisha chukua 1 toa (1 gawanya kwa wastani huo). Wastani ukiwa mistari 4, *u* yenu ni 0.75: mara tatu kati ya nne, aliyesoma gazeti kwenye gari lile amempata wa kumrithisha. Fanya jaribio lilelile asubuhi gari likishuka na jioni likipanda, ulinganishe. Hoja yetu ya mwelekeo ikiwa sawa, mistari ya jioni itazidi. Ikiwa siyo, tutakuwa tumejifunza kitu. Tuletee namba zako, tutazijumlisha na za wengine.